Vifaranga vya Bi Kanga

Sogeeni niwape hii. Mtaa wa ndege ulifurika, bawa kwa bawa. Akaja Korongo, mkuu wa mtaa na mpenda kuhesabu, daftari bawani, akatangaza, "Mama mwenye watoto zaidi ya saba ahame!"

Bi Kanga, mgeni wa juzi tu, alikuwa nao kumi na wanane. Akaanza kufungasha huku analia.

Bata, mwenye mtoto mmoja, akamzuia. "Sita hawa wangu, bwana."

"Vifaranga vya kanga, mama yao bata?" akauliza Korongo.

"Kwani nani huwaogesha?"

Kuku asiyejaliwa mtoto akadakia, "Na hawa sita wangu. Kila usiku wanalala kwapani mwangu."

Korongo akawageukia watoto. "Semeni kweli, mama yenu nani?"

Kila mmoja akakimbilia bawa lililo karibu.

Korongo akafunga daftari. "Hakuna wa kuhama."

"Rudi kesho, baba," akasema Bata, shingo juu. "Kuna mayai yanaanguliwa, na mabawa tunayo."