Kidole kwenye Gundi

Maji yalikuwa yakibubujika chini ya nyasi. Prisila, ambaye kazi yake ni kumwagilia bustani ya mji pale Ruangwa, alichimba kwa jembe mpaka akalifikia bomba. Alipopangusa tope, akaliweka jembe kando, akainama karibu.

Bomba lilikuwa limezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kupakwa gundi. Kwenye gundi iliyokauka palikuwa na alama ya kidole gumba, pana, yenye kovu katikati. Ilikuwa ya mumewe. Yeye ndiye aliyemwagilia bustani hii kabla yake, mpaka walipomzika kijijini kwao Matambarale mwaka juzi.

Fundi wa mabomba alifika na msumeno, akachungulia shimoni, akacheka. "Aliyeziba hapa hakuwa fundi, mama."

"Hakuwa," alisema Prisila. "Lakini pameshika miaka sita."

Sauti yake ilimfanya fundi amtazame, kisha aitazame ile alama. Akashusha msumeno.

"Ni ya mumeo? Pole, mama. Tunaweza kuongezea mpira juu yake, tuone."

Prisila aliweka kidole gumba chake ndani ya alama. Kikazama, na nafasi ikabaki pande zote. Upande wa pili wa bustani, miche ya mijohoro ambayo haikupata maji wiki nzima ilikuwa imelegeza majani.

"Ukiongezea mpira, maji yatafika kule?"

Fundi aliitazama miche, akatikisa kichwa.

"Basi kata," alisema Prisila.

Fundi alipiga magoti na msumeno wake, akasubiri mama akitoe kidole.