Mnara wa Taa, Kasanga

Miaka ile ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Jumapili moja, saa nne asubuhi, mke wangu, Kalista, alikuwa bado katikati ya ngazi za mnara wa taa, Kasanga, akihema kwa kifua chake kibovu. Nyumbani, Sumbawanga, kulikuwa mbali.

"Shuka. Tukichelewa polisi watachukua gari."

"Ungelioa hilo gari, baba watoto. Niache nilione ziwa kutoka juu."

"Utaliona Jumamosi ijayo."

Akashuka. Kiganja chake kilikuwa chekundu kwa kutu ya chuma alichokuwa ameshikilia.

Tulifika nyumbani saa nane kasorobo. Alhamisi tukamzika.

Jumamosi nilirudi peke yangu, nikapanda nikihesabu kuanzia pale alipoishia.

Zilikuwa zimebaki ngazi kumi na moja.