Mguu Uliochelewa Kutua

Siku hizo macho yalikuwa yamepigwa marufuku ngomani. Kila mtazamaji alifungwa kitambaa usoni mlangoni mwa ukumbi, akavua viatu, kisha akaipokea ngoma kwa nyayo, kupitia sakafu ya mbao.

Bi Mashavu alikuja kumchukua bintiye Tumu, aliyekaa miezi mitatu katika chuo cha lelemama, ngoma ya wanawake. Tangu utotoni Tumu alichechemea, na mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo kutua. Kwa alama hiyo mama alimtambua hata katikati ya wachezaji arobaini. Leo walikuwa saba tu, na miguu yote ilitua pamoja.

“Tumu hayumo,” alimnong’oneza jirani yake, Bi Zamwe.

“Yumo, shoga. Wamemnyoosha tu huko chuoni. Kwani hukutaka anyooke?”

“Nilitaka acheze.”

Ngoma ikakoma. Hatua nyepesi, zilizolingana, zikaja hadi mbele ya kiti chake.

“Mama, fungua kitambaa. Ni mimi.”

Sauti ilikuwa ya Tumu, haikupungua kitu. Akina mama wengine walikwisha kufungua vitambaa, wakicheka na kuwakumbatia binti zao. Bi Mashavu alipeleka mikono kisogoni, akalishika fundo, akalikaza.