Wapangaji Wawili wa Kenmore

Generoza aliitazama ile video mara tatu mfululizo, kisha akaifunika simu juu ya meza ya kantini kwa kishindo, hata wafanyakazi wenzake wa ghalani wakageuka.

Ilikuwa ya dakika mbili tu, kipande cha kuonjesha filamu. Vijana fulani wa Buffalo, mji wa mbali kaskazini, walikuwa wameitengeneza wenyewe kwa kamera ya kuazima. Vichekesho: wapangaji wawili wanaishi nyumba moja katika kitongoji cha Kenmore, mmoja anapenda wanawake, mwenzake anapenda wanaume, na hawapatani. Leo wanagombania friji, kesho bafu, keshokutwa wageni. Mmoja wa waigizaji hao wawili alikuwa Liberati, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akiishi huko.

Kabla zamu haijaisha, nusu ya Warundi wa mji wake wa Louisville walikuwa wameshaiona.

Jioni, Mzee Sebagabo wa kanisani alibisha hodi nyumbani kwake, mtaani Shively. Hakutaka hata kukaa.

"Mama Liberati, hii filamu ya mashoga imetutia aibu sote. Mwanao aje asimame mbele ya kanisa, aombe msamaha."

"Nitaongea naye mwenyewe."

"Wewe umemlea kwa upole mno, ndiyo maana—"

"Mzee, nimesema nitaongea naye mwenyewe." Akamfungulia mlango, akasimama kando mpaka alipotoka.

Kisha akampigia mwanawe simu.

"Mama, ni komedi tu," Liberati alicheka. "Jumamosi tunaionyesha hapa Buffalo kwa mara ya kwanza. Usisikilize maneno ya kanisani."

"Nani kakuambia nasikiliza maneno ya kanisani? Nimeona kwa macho yangu. Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

"Lakini, Mama..."

Generoza alikata simu.

Aliomba ruhusa ya Ijumaa; msimamizi akamnyima; akaondoka vilevile kuelekea Buffalo. Basi lilimfikisha Columbus alasiri. Mdogo wake, Angelika, akampokea, akamlaza kwake Reynoldsburg, na asubuhi wakashika barabara ya kaskazini kwa gari la Angelika. Generoza hakula kitu. Chai aliyowekewa kwenye chupa ilipoa bila kuguswa.

"Dada, tukifika usimpige mbele za watu," Angelika alisema walipokuwa wakiipita Cleveland. "Kuigiza ni kuigiza. Mtu anaweza kuigiza mlevi na pombe hanywi."

"Angelika, endesha gari."

"Nasema tu tumwombee kwanza, labda Mungu—"

"Endesha!"

Walifika Buffalo mchana. Mwezi wa nne ulikuwa umeshaanza, lakini theluji chafu bado ilikuwa imerundikana pembeni mwa maegesho. Generoza aliikanyaga kwa viatu vyake vya kanisani, akamtangulia mdogo wake mlangoni.

Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya kukunja, watu kama themanini: Wakenya, Wakongo, Warundi, Wazungu wachache. Walikaa safu ya tatu. Taa zikazimwa. Angelika akafumba macho, midomo ikimchezacheza kwa maombi.

Alipoyafumbua, filamu ilikuwa imeshakwenda dakika tano. Akatazama kidogo, kisha akamshika dada yake goti.

"Dada! Si yeye! Shoga ni huyo mwingine, huyo anayeitwa Karoli. Liberati ndiye anayeleta wasichana nyumbani. Asante Yesu!"

"Najua," alisema Generoza. "Niliona kwenye simu."

Angelika alimgeukia gizani. "Ulijua? Sasa umekasirika nini siku zote hizi?"

Generoza aliendelea kutazama mbele.

Kwenye skrini, Karoli alikuwa akipiga pasi shati lake huku akiimba kwa sauti nyembamba. Liberati akanyata nyuma yake. Akaiga mabega. Akaiga shingo. Akaiga mwendo, hatua moja moja, mpaka mlangoni na kurudi, kisha akaitazama kamera na kukonyeza jicho. Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa safu ya mbele alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Hata Angelika, kwa furaha ya kufarijika, alicheka.

Kule Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi, Generoza aliwahi kuwakimbiza watoto wa jirani na ukuni mkononi kwa sababu walimwiga mwanawe mwendo hivyohivyo.

Alikaa wima, ngumi mapajani, akasikiliza kila kicheko hadi mwisho.

Taa zilipowaka, watu walisimama na kupiga makofi, waigizaji wakaitwa jukwaani. Liberati alishuka jukwaani akimeremeta jasho, akapenya katikati ya viti, mikono ameitanua.

"Mama! Umekuja!"

Generoza aliisukuma ile mikono kando. Waliokuwa karibu wakageuka. Tabasamu la kijana likaanza kuyeyuka. Alimtazama mama yake, akamtazama mwanamke mmoja aliyekuwa ameinua simu kuwapiga picha, akainama na kunong'ona.

"Mama, tafadhali, tulia. Yule shoga ni Karoli. Mimi ni yule mwingine, si umeona mwenyewe?"

"Ni wewe," alisema Generoza, naye hakunong'ona. "Nimejua tangu una miaka kumi na minne, na miaka yote hii nimenyamaza nikisubiri uniambie kwa mdomo wako. Leo nimesafiri siku mbili, nakukuta unawafundisha watu namna ya kukucheka."