Breki Zinazochongea

Siku hizi breki za ABS zikifanya kazi mara moja tu, gari huripoti kuwa dereva ni mzembe na kujifunga mwezi mzima. Ndiyo maana mume wangu, Ambakisye, alikuwa akimfundisha binti yetu ujinga, mteremkoni, mvua ikinyesha.

"Gusa, achia. Ukikandamiza, ABS itatuchongea."

"Baba Tusekile, unataka mtoto auawe?" nilifoka kutoka kiti cha nyuma. "Tuse, tairi likigoma kuzunguka linateleza, na gari halisikii usukani. ABS hulibana na kuliachia haraka kuliko mguu wako. Kanyaga mpaka chini. Pedali ikitetemeka, usiachie."

"Halafu mwezi mzima twende na nini?"

"Na miguu. Unayo miwili."

Mwanamke mwenye beseni la parachichi akakatiza mbele yetu. Gari halikusimama. Aliruka mtaroni mwenyewe, bila hata kututukana, kama mtu aliyezoea.

"Mbona hukukanyaga?"

"Nilitaka, mama. Nikawaza nani atampeleka bibi kliniki."

Nilifungua mdomo nimgombeze. Lakini hata mimi niliiwaza kliniki kabla ya kumwaza yule mwanamke.