Koti Kwenye Kiti

Alishuka ngazi za kwenda stoo mbilimbili, mafaili kumi na tisa ameyakumbatia kifuani kama mama mwenye mapacha, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi.

Juu yake viatu vya wakaguzi viligonga sakafu. Walikuwa wameingia bila hodi, watatu, sura kavu, hawataki chai wala soga. Wiki iliyopita walipita ofisi ya jirani, wakamkuta msajili na faili la miezi minane. Alitolewa kwa mlango wa mbele, foleni nzima ikimtazama, na mpaka leo mkewe anawaambia majirani kwamba bwana yuko semina.

Agizo jipya halikuwa na kona. Faili likilala zaidi ya siku thelathini bila sababu, aliyelilaza anajibu mahakamani. Na yeye, ofisa wa idhini, yake yalikuwa yamelala fofofo. Katika jengo lile hata balbu ya chooni haikubadilishwa bila sahihi yake, na sahihi haikutoka mpaka mwenye shida ajiongeze kwa bahasha. Watu walimbatiza Bwana Jumatatu, maana ndilo jibu alilompa kila mtu: mjane wa kiwanja, mwalimu wa uhamisho, hata mzee mtunza stoo, aliyemjia mara tano. Barua zao hakuzisoma. Alizipiga maneno mawili pembeni, kwa mwandiko wake wa kujivunia, akazitupia droo ya chini.

Leo droo ilikuwa tupu. Mezani aliacha kikombe cha chai, na mgongoni mwa kiti koti lake la kijivu, simu ikiwa mfukoni. Koti lile lilikuwa mchapakazi kuliko mwenyewe. Aende kupiga porojo, alale nyumbani siku mbili, lenyewe linabaki zamu, na anayeuliza anajibiwa kwamba bwana yupo, katoka kidogo.

Mlango wa chuma wa stoo ulikuwa wazi kama siku zote, umezuiwa na tofali. Alikuwa amemtania sana mzee wa watu kuhusu tofali lile, kwamba analilinda kuliko mkewe. Mzee alikuwa akicheka tu, akisema linamsaidia.

Alilipiga teke, akauvuta mlango, ukajifunga kwa kishindo kilichomfanya afumbe macho. Akajibanza nyuma ya rafu, akabana pumzi.

Nusu saa ikapita, kisha viatu vikashuka ngazi. Vikasimama mlangoni.

"Humu?" Sauti ya mwanamke, mkuu wa wakaguzi.

"Stoo, mama. Madumu ya rangi na viti vibovu." Huyo alikuwa katibu muhtasi.

"Na huyu ofisa wa idhini mbona hatumwoni?"

"Yupo, mama. Koti lake si umeliona kitini? Katoka kidogo."

 Nyuma ya rafu, Bwana Jumatatu akaliuma faili la juu ili meno yasigongane.

"Basi. Meza yake ni safi, hana faili hata moja lililolala. Laiti wote wangekuwa hivyo. Fungeni, tumemaliza."

Katibu muhtasi akapaza sauti kuelekea juu. "Mzee, usihangaike kushuka, stoo yako imeshafungwa. Nenda zako nyumbani. Jumatatu na Jumanne si sikukuu? Tuonane Jumatano."

Viatu vikapanda. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na mwisho mnyororo wa geti ukakokotwa. Kwa mbali redio ya mlinzi ilianza kuvuma.

Bwana Jumatatu akateremka taratibu mpaka sakafuni, akacheka kicheko cha mtu aliyechomoka kwenye mdomo wa mamba. Safi! Wamemwita safi! Kesho mtaa mzima utausikia mkasa huu kutoka kinywani mwake, na atautia chumvi vilivyo.

Lakini hakutaka kutoka upesi, asije akagongana na gari lao njiani. Akajipa robo saa. Kupitisha muda, alichomoa faili moja, la chini kabisa, akalifungua chini ya balbu. Ndani mlikuwa na karatasi moja, imeandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu.

"Mheshimiwa, mimi ni mtunza stoo. Kitasa cha ndani cha mlango wangu kimevunjika. Ukijifunga, aliye ndani hatoki mpaka afunguliwe na aliye nje. Naomba idhini ya fundi kabla hajaumia mtu."

Na pembeni, kwa mwandiko wa kujivunia: Hakuna haraka.