Nyangumi Wasiozaa

Rabiata aliibwaga darubini juu ya meza ya mkuu wa ofisi ya uvuvi, kikombe kikaruka, kahawa ikamwagikia mafaili.

"Chukueni kitu chenu!" alisema. "Miaka minne nimewatazamia bahari, leo mnaniambia hakuna kitu!"

Alikuwa ametoka kisiwa cha Nosy Be mpaka Mahajanga kwa meli ya mizigo, siku tatu juu ya magunia ya sukari, kwa sababu ya barua ya mistari mitano. Barua ilisema kwamba kituo cha kuhesabia nyangumi kisiwani Sakatia kitafungwa. Aliisoma mara tatu, akajitanda nguo yake ya shiromani, akashika njia ya bandarini bila kuaga hata majirani.

Boinali, karani wa Kingazija aliyezaliwa hapo hapo Mahajanga, ndiye aliyekuwa akimfasiria mkuu kwa Kifaransa. Alijaribu kuzima moto kwa salamu.

"Karibu, dada. Pole na safari. Na watoto nyumbani, wamefika wangapi sasa?"

"Mungu anawatunza," Rabiata alimkata, akamtolea macho mpaka Boinali akaomba radhi palepale. Kukaa sana na makaratasi humsahaulisha mtu adabu.

Mkuu mwenyewe, Bwana Ratsimba, alikuwa kijana mpole wa nyanda za juu, mwenye miwani. Alipangusa kahawa kwa leso yake, kisha akaeleza taratibu, kama anayesomesha. Nyangumi wamechinjwa mno duniani, waliobaki ni wachache. Serikali ina miaka sita tu tangu ipate uhuru, nayo inataka waongezeke tena. Lakini haina uwezo wa kulinda bahari yote. Itafunga sehemu moja, ile wanayozalia, na kwingineko itaipa ruhusa kampuni moja ya kigeni iliyoomba kuwavua.

"Tumechagua upande wa mashariki," alisema. "Huko kwenu Sakatia wanapita tu. Hawazai."

Boinali alilifasiri neno hilo kwa sauti ya chini, lakini halikupunguza makali. Damu ilimchemka Rabiata. Hawazai! Alimwona tena yule jike mwenye kovu mgongoni, anayefika kila mwezi wa saba, akijilaza ubavu ili mwanawe anyonye. Alimwona yule mdogo mtundu wa mwaka jana, aliyejifunza kuruka kutwa nzima na kila akiruka akaangukia tumbo, na yeye Rabiata akakaa kwenye mwamba na njaa yake, akicheka peke yake. Kazi hii aliajiriwa kwanza mumewe, Soulé. Soulé alipofariki akaishika yeye, maana alijua kuandika, na macho yake yalifika mbali kuliko ya marehemu. Aliwapenda wanyama wale. Na sasa kijana asiyejua hata kuogelea anakaa kitini na kuwaita tasa.

"Wanakaa kwetu miezi mitatu," alifoka. "Anadhani wanafuata nini, wali wa nazi? Hata mtoto wa kijijini kwetu Marodoka anajua kwamba nyangumi huja kwetu kujifungua!"

"Imeandikwa wapi?" Ratsimba aliuliza.

"Kwani kila kitu lazima kiandikwe? Bwana mwenye shule zote hizo hawezi kufikiri mwenyewe?"

Boinali alifasiri nusu, nusu nyingine akaimeza.

Ratsimba aligonga faili kwa kidole. Alikuwa na karatasi nne mle ndani, moja ya kila msimu. Nyangumi wakubwa walikuwa wameongezeka kila mwaka, akakiri, na jambo hilo lilimfurahisha. Lakini watoto hawakuwepo. Mpango mzima umesimama juu ya watoto. Afanye nini yeye, na karatasi ndizo zinazosema hivyo?

"Karatasi!" Rabiata alipiga meza kwa kiganja. "Karatasi imezaa lini, ikajua uchungu wa kuzaa?"

Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kumkera Rabiata. Angekuwa mbaya angemtukana akapoa. Ratsimba alivua miwani, akasema anasikitika sana. Kisha akatia saini ruhusa ya kampuni, akapiga mhuri, akampa tarishi. Kahawa haijakauka kwenye mafaili, telegramu ikawa imekwenda. Meli ya kampuni ingeingia maji ya Sakatia tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba.

Rabiata alitoka bila kuaga. Alishuka ngazi, machozi ya hasira yakimtoka, akalaani ofisi, mhuri na siku aliyokubali kuishika darubini ya watu.

Boinali alimkimbilia hadi uani, zile karatasi nne mkononi, jasho likimtiririka.

"Dada, nisikilize. Wallahi mimi sikugusa kitu. Si mimi, wala si yeye. Tazama, mwandiko ni wako."

"Nani kasema umegusa?" Rabiata alijibu, akijifuta uso kwa upindo wa shiromani. "Mwandiko naujua. Ni wangu."

"Na watoto uliwaona?"

"Kwa macho yangu haya. Mmoja mmoja, kila mwaka, na mama zao."

Boinali alimfunulia karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Sasa dada yangu, mbona mahali pa watoto umeandika sufuri? Miaka yote minne, sufuri?"

Rabiata alimtazama juu mpaka chini, kama mtu asiyeamini kwamba huyu naye alilelewa na mama.

"Boinali, umekuwa Mzungu? Ulitaka niwahesabu watoto wachanga, hesabu yao niipeleke kwa watu nisiowajua, wafe wote?"